Tone la Bibo kwenye Kipimo cha Faraji

Jumanne, 12 Oktoba 2021
Karantini! Mwenzetu kakutwa na Uviko, bweni zima tumefungiwa. Na fainali ni Jumamosi! Faraji, anayelala juu yangu kwenye dabodeka, ndiye golikipa. Mimi wa akiba. Baba huko Mahurunga hajui. Nilimwambia golini ni mimi tu. Anakuja na nusu ya kijiji. Lazima nidake.

Jumatano, 13 Oktoba
Nesi Yustina atatupima kesho kwa kipimo cha haraka. Mstari mmoja, unatoka. Miwili, unabaki. Nilimwuliza kama kinadanganyika. Akanitazama sana, kisha akasema kikidondokewa na kitu kichachu huleta mistari miwili ya uongo. Ahsante, nesi! Nyuma ya bweni mikorosho imejaa mabibo.

Alhamisi, 14 Oktoba
Vipimo vilipangwa mezani, kila kimoja na jina lake. Nesi alipogeuka kumfokea Iddi kwa kupiga chafya za makusudi, nikakamulia bibo kwenye cha Faraji. Mistari miwili! Changu mmoja. Faraji akalia. Nikamfariji, nikamwomba glavu. Akanipa, maskini.

Jioni, balaa. Nesi kasema anayelala dabodeka moja na mgonjwa habanduki mpaka majibu ya maabara. Tumetolewa sampuli wote wawili. Kile kijiti kilifika kwenye ubongo, wallahi! Nimemshauri nesi sampuli ya Faraji asiiharakishe.

Ijumaa, 15 Oktoba
Faraji hana kitu. Mimi ninacho! Nesi anadai virusi vikiwa vichache kipimo cha haraka huvikosa, maabara huviona. Nimebisha. Cha haraka kinanijua zaidi. Akaongeza kwamba kile cha Faraji kilinuka bibo. Nikatazama dari. Faraji kaja kuchukua glavu zake, wakazipulizia dawa kwanza.

Jumamosi, 16 Oktoba
Tumeshinda. Faraji kadaka penalti. Nimesikia kelele nikiwa kitandani, roho inaniuma.

Baba kaja dirishani, barakoa kidevuni. Nikamwambia naumwa. Akanipa pole, akanionya kuhusu yule kijana wa akiba aliyenishikia nafasi: ni hatari, ataninyang'anya namba. Kaniachia kapu la mabibo.

Baba kasema kweli. Jumatatu timu nzima inapimwa, eti kwa sababu ya zile glavu. Kosa langu lilikuwa harufu tu. Nimemwagiza Iddi ndimu.