Kitwitwi Atangazwa Baadi Sokoni Garissa

Hapa Garissa hakuna mnyama asiyejulikana na Awil. Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe. Mwonyeshe alama ya moto kwenye shingo ya ngamia, atakutajia mwenye ngamia, babake na kisima anachonyweshea. Akikosea, anasema alama ndiyo iliyochomwa vibaya.

Mwaka ule wa mvua ya El Nino, Mzee Rage alikuwa akitafuta mrithi. Yeye ndiye mwamuzi wa baadi katika soko la mifugo. Mnyama akipotea huitwa baadi; huletwa kwake, hutangazwa, na aliyemwokota humlisha mpaka mwenyewe aje. Heshima hiyo Awil aliitamani hadi ndotoni. Alikuwa ameshamwambia mkewe, Nurto, kwamba cheo amepewa, na Nurto hakumwacha jirani hata mmoja bila kumweleza.

Basi asubuhi moja, kwenye dimbwi nyuma ya soko, Awil akaona kandege ka kahawia kakitembea ukingoni mwa maji, mkia ukitikisika bila kupumzika. Mguuni kalikuwa na pete ya chuma.

Mtu mwingine angeona ndege. Awil aliona mali ya mtu. Akakanasa kwa chandarua, akakimbia nako hadi sokoni kwa Mzee Rage.

"Adeer, nimeleta baadi. Hii iko na mwenyewe, angalia mguu. Tena ni mgonjwa, nyuma inatetemeka."

"Mwenyewe ni nani?"

Awil akasoma pete kwa sauti ya hakimu. "Finland. Hao najua sana. Wako Elwak, wanachunga mbuzi. Babu yao alikula kwetu."

Mzee Rage akazikuna ndevu zake za hina. Mila ni mila. "Basi wewe lisha, mbaka waje."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Ndege akatiwa kapuni, akapewa mtama, akaukataa. Akapewa maziwa ya ngamia, akayakanyaga. Ikabidi mwamuzi wetu mtarajiwa apige magoti dimbwini, kikoi kimekunjwa, achimbue minyoo topeni huku wachuuzi wa ng'ombe wakimtazama. Nilimwonea huruma, ila msiba wa kujitakia hauna kilio, na mimi nilikuwa nimekaa mahali pazuri pa kuonea.

Adhuhuri, Mzee Rage akiwa amekuja dimbwini kuona baadi inavyolishwa, akapita Leyla, wa ofisi ya wanyamapori. Akachungulia kapuni, akacheka.

"Huyu ni kitwitwi, Awil. Wako aina nyingi, lakini huyu unamjua kwa huu weupe wa kifua, unapanda mbele ya bawa. Na mkia anatikisa siku zote, hata akiwa mzima. Finland ni nchi huko Ulaya. Baridi ikikaribia kwao, anakuja huku kutafuta dimbwi lake. Pete wanamvisha ili wajue anafika wapi."

"Na kurudi, nani anaonyesha yeye njia?" akauliza Mzee Rage.

"Hakuna, adeer. Anajiendea mwenyewe. Na mwakani anaweza kurudi hapa hapa."

Mzee Rage akamtoa ndege kapuni, akafungua kiganja. Kitwitwi akaruka chini chini juu ya maji, akatua ng'ambo ya dimbwi na kuendelea kutikisa mkia wake.

"Baadi ni ile haijui njia," mzee akasema. "Hii inajua mbaka Ulaya. Haikubotea." Kisha akamtazama Awil, matope hadi kiunoni. "Lakini baadi iko hapa."

Akapanda juu ya jiwe, akatoa ile sauti yake ya kazi. "Wananchi, mwanamume moja imeokotwa kwa dimbwi! Ni mrefu, inaongea sana, alama haina. Mwenyewe akuje!"

Soko likaangua kicheko. Nurto alikuwa ndiyo kwanza anafika na majirani zake, amewaleta waone cheo cha mumewe. Akasogea taratibu. Akamzunguka Awil, akamtazama meno, akamkagua na nyuma, kama anunuaye mbuzi.

"Si yangu," akamwambia Mzee Rage. "Yangu ni mwamuzi. Hii nyinyi endelea kulisha."