Mama Kahindo Ameniombea Msaada Mbele ya Matajiri

Wenzangu, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na nguo zote nilikuwa nimevaa. Nawaandikia jasho likiwa bado halijakauka, kabla sijabadilisha mawazo.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye chargé de communication, mtu wa mawasiliano, wa ile association yetu ndogo ya mtaa wa Naviundu, inayofundisha ushonaji kwa wamama waliokimbia vita ya mashariki. Jina la kazi ni refu kuliko kazi yenyewe. Napiga picha, naandika ripoti, naweka kwenye Facebook, shangazi yangu anabonyeza kidole gumba. Basi.

Kilichotupata pia mnakijua. Wazungu waliokuwa wakitufadhili walituma barua pepe moja, fupi, kwamba mpango umesimama. Gari likachukuliwa. Ofisi ikarudi kwa mwenyewe. Wafanyakazi wakatawanyika mmoja mmoja, na huku vita inazidi kutuletea watu. Tukabaki wawili: présidente wetu Mama Bernadette, muuguzi mstaafu asiyelijua neno "kuacha", na mimi, ambaye nalijua vizuri sana ila niliona haya kulitamka mbele yake.

Kwa hiyo nikaapa hatufungi. Nikakaa nikaandika stratejia mpya. Miaka yote tulikuwa tunazungumza na watu wa mbali kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, na majirani zetu hapa mjini hawajui hata tunafanya nini. Hapahapa Lubumbashi kuna wafanyabiashara wakubwa kutoka Kivu ya Kaskazini, wenye depo za mchele na malori. Wamama wetu ni watu wa kwao. Kwa nini tusiende kubisha hodi? Mama Bernadette alizunguka kuwatafuta mpaka miguu ikavimba, nao wakakubali kutusikiliza leo Jumamosi, baada ya mkutano wao kule Bel-Air.

Nikatengeneza PowerPoint yenye rangi nne. Na nikaandaa shahidi.

Shahidi ni Mama Kahindo. Alifika mji huu na watoto wake na kitenge kimoja. Leo ndiye fundi bora tuliye naye, na akisema watu hunyamaza. Nikamfanyisha mazoezi wiki nzima. Umetoka wapi, unafanya nini hapa, unakosa nini. Asilie, asihubiri, asisalimie ukoo mzima, na amtazame mkubwa wao usoni. Asubuhi ya leo alikuwa ameyashika kuliko mimi. Ila aliniuliza kwa upole kama pale kwenye "unakosa nini" ni lazima ajisemee mwenyewe. Nikamjibu aseme kile moyo wake unachoona.

(Mimi huyo. Mtaalamu.)

Tukafika. Ukumbi umejaa, soda mezani, chakula kinanukia pembeni. Mwenyekiti wao ni Papa Muhindo, mzee wa mchele na sukari, mtu anayesema kidogo na kutazama sana. Nikaunganisha projekta. Ukurasa wa kwanza ukatokea ukutani, mzuri kabisa, na umeme ukaondoka.

Hakuna aliyeshangaa. Wakaenda kutafuta mafuta ya jenereta. Papa Muhindo akatazama saa yake. Nikajiambia: Trésor, hukuja hapa kuonyesha rangi, songa. Nikaanza kueleza stratejia kwa mdomo. Nguzo ya kwanza. Nguzo ya pili. Walengwa. Viashiria. Bwana mmoja mbele yangu akapiga mwayo mkubwa hadi nikaona jino lake la dhahabu kule ndani. Nguzo ya tatu nikaimeza, nikamwita Mama Kahindo.

Alisimama bila haraka. Akataja jina lake na kijiji chao, akaeleza kwa maneno machache namna walivyokimbia. Akasema sasa anashona, asubuhi anauza maandazi ya bitumbula mbele ya nyumba, na watoto wanasoma. Mimi nyuma nachezesha midomo pamoja naye kama mwalimu wa kwaya. Yote yanaenda sawa. Kisha akafika kwenye jambo la tatu.

"Mimi sikosi sana," akasema. "Mungu iko ananisaidia. Lakini kama muko na roho ya huruma, mumusaidie uyu mutoto."

Na akaninyoshea kidole.

Nilidhani anamaanisha mtu aliye nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Akaendelea, kwa sauti ileile ya taratibu niliyomfundisha mimi, akimtazama Papa Muhindo usoni kama nilivyomfundisha mimi. Akaeleza kwamba tangu Wazungu waondoke mimi huja kwake karibu kila saa sita za mchana, nikisema nimekuja kufanya suivi, yaani kufuatilia maendeleo yake. Suivi yangu huanza akiwa anakoroga bukari, ugali wetu, na kuisha sahani ikiwa nyeupe. Akaeleza kwamba kwanza naipiga picha sufuria, ndipo nakula. Kwamba nimekonda. Kwamba suruali niliyovaa amekwisha kuishona nyuma tena na tena, wala hanidai kitu, ila kitambaa kimechoka, hakishiki uzi.

"Anatuuliza tunakosa nini," akamaliza. "Sisi tunaonaka ni yeye njo anakosa."

Ukumbi ukalipuka. Jino la dhahabu lilicheka mpaka likatafuta kitambaa cha kufuta machozi. Mama Bernadette aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na sidhani alikuwa anasali. Papa Muhindo peke yake hakucheka. Aliniita mbele.

"Kijana, geuka kidogo tuone."

Nikageuka. (Msiniulize kwa nini. Mtu mwenye malori akikwambia geuka, unageuka.) Simu zote zikawa juu, zinanirekodi. Mama mmoja, mke wa tajiri mmojawapo, alikuwa ameshaanza kunipakulia chakula. Akanishikisha sahani mikononi kama mgonjwa.

Nikatazama mlango. Haukuwa mbali. Lakini katikati ya njia alikuwepo Mama Kahindo, bado amesimama, anawaangalia wanaocheka bila kuelewa wanacheka nini. Yeye hakuwa anatania. Aliomba kweli, kwa ajili yangu, akitumia nafasi yake pekee ya kujiombea. Nikaona aibu ya namna nyingine kabisa, na ile ya suruali ikapungua.

Nikaweka sahani mezani (kwa uchungu, kulikuwa na sombe na samaki). Nikasema, "Ni kweli yote. Nakulaka kwake."

Nikawaambia kwamba nilikwenda Naviundu nikijiita mtu wa kusaidia, na sasa nasaidiwa mimi. Mwanamke aliyeingia mjini na kitenge kimoja analisha watoto wake, na juu yao analisha mwanaume mzima mwenye diplome. Basi association yetu ndiyo hiyo, hakuna picha itakayowaonyesha zaidi. Wako wenzake wengi wanangoja mashine, na kwenye chumba cha kushonea tulichobaki nacho tunafukuzwa mwisho wa mwezi. Nikasema, "Musinipe mimi chakula. Mupatie bale bamama kazi."

Papa Muhindo akavua miwani.

"Zile nguzo zako sikusikia hata moja," akasema. "Uyu mama nimemusikia."

Halafu akamgeukia Mama Kahindo, wakaanza kuzungumza kwa lugha ya kwao, kirefu, kama mimi sipo. Mwishoni walinitafsiria. Wabebaji wote wa depo zake watashonewa salopeti, zile ovaroli za kazi, na wamama wetu, na mashine zetu zitahamia kwenye chumba kilicho wazi nyuma ya depo. Sharti ni moja tu: siku nyingine association ikiwa na neno, aje Mama Kahindo kulisema. Mimi nitamshikia maikrofoni.

Mama Bernadette alitoka akiimba. Mimi nilitoka na ile sahani, imefungwa vizuri, maana yule mama alikataa katakata niiache.

Sijafika hata nyumbani, simu ikalia. Mama yangu, kutoka Kamalondo hapahapa mjini, ambaye siku zote hizi namwambia kazi inakwenda vizuri. Video ilikuwa imepita kwa wafanyabiashara, ikaingia kwenye kikundi cha kwaya ya parokia yake, na alikuwa ameshaitazama pamoja na majirani.

"Trésor," akasema, "unaendaka kula kwa bantu benye kukimbia vita, na mimi mama yako niko hapa?"

Nikajaribu kumweleza kwamba ilikuwa suivi. Akakata simu.

Nimeiangalia sasa hivi. Tangu nianze kazi hii sijawahi kutoa kitu kilichotazamwa na watu wengi namna hii, na wameipa kichwa "Tumusaidie Trésor". Niliwaza kuomba iondolewe. Nikawaza tena, nikaandika chini yake kwamba wamama wa Naviundu wanashona salopeti, unifomu na mapazia, na hawachelewi.

Kwa hiyo simkatazi mtu kucheka. Ila ukimaliza, itume kwa mwingine.