Utepe wa Kibanda cha Chai

Jumatatu, 7 Juni 1993

“Biashara ni kuuza kitu.” Maneno ya Milcah hayo, mbele ya darasa zima, bila haya. Upuuzi! Basi yule kijana wa mjini aliyeniuzia saa yangu mwenyewe naye ni meneja? Biashara ni utawala. Kuuza huja baadaye, nafasi ikipatikana.

Mwalimu Jyoti ametukabidhi kibanda cha chai cha chuo, hapa nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Tukiendeshe wiki nzima, na atakayeonyesha ujuzi atafaulu somo la uongozi. Nimechaguliwa mwenyekiti bila kupingwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Lazima nifaulu! Nimeanguka mara mbili. Peres, mke wangu, ameapa kwamba nikianguka tena naacha masomo, naenda Mutuini kulisha nguruwe wa kaka yake. Mimi! Niliyesoma vitabu vya usimamizi hadi fahirisi!

Azimio la kwanza: hakuna chai kabla ya ufunguzi rasmi. Aje mgeni wa heshima, akate utepe, tupige makofi. Milcah, makamu wangu, aliuliza kama wateja watakunywa utepe. Darasa likacheka. Wivu.

Jumanne, 8 Juni

Nimekwenda Loresho kumwalika Bwana Harbhajan, tajiri wa vigae. Sikumwona. Nilizungumza na bawabu wake, Mwololo, kupitia kitundu cha geti. Mbwa alikuwa upande wake, nashukuru. Mwololo alisema atamwambia. Kwa kiongozi mzoefu, hiyo ni ahadi kamili. Ufunguzi ni kesho!

Nimefunga kibanda kwa kufuli ili pasitokee mhaini wa kuchemsha maji. Milcah akasema eti, mzee, chai inataka moto, haitaki hotuba. Nilimjibu kwa hotuba.

Jumatano, 9 Juni

Hema limesimama. Kiti cha mgeni kimevikwa kitambaa chetu cha meza (Peres bado hajui). Kwaya imeimba wimbo wake, yaani ule mmoja ilionao, mpaka waimbaji wenyewe wakachoka. Mgeni hajafika. Nikajaza pengo kwa hotuba: historia ya usimamizi tangu Nuhu. Nilipomfikia Musa, nyuma hapakuwa na mtu. Nikadhani wameenda msalani.

Kumbe! Nje ya ua Milcah amekoleza jiko, tangawizi inanukia mpaka jukwaani, na hadhira yangu imeketi kumzunguka. Kwenye viti vyangu! Nilimwamuru arudi. Akanieleza kwa upole kwamba uenyekiti wangu unaishia kwenye ua, kisha akauliza kama natumia sukari. Akajiuzulu umakamu hapo hapo. Nimekataa. Kujiuzulu nako kuna utaratibu wake.

Maziwa yetu yamechacha ndani ya kibanda, nyuma ya kufuli. Nilikunywa chai kwa Milcah, vikombe viwili. Upelelezi.

Ijumaa, 11 Juni

Mwololo amekuja! Bosi wake hayuko. Yuko Mombasa tangu mwezi jana. Alikuwa amekuja kunieleza hivyo, kwa adabu zake.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Nikamvua kofia ya ubawabu, nikamvika koti langu, nikamketisha kwenye kiti cha heshima na kumpa mkasi. Akautazama mkasi. Akautazama utepe. Akasema, hapana mzee wangu, mimi nitakataje kabla ya mkubwa wangu kufika? Nitakuwa nimemvunjia heshima.

Machozi yalinilenga. Hatimaye mtu anayeelewa! Tuliketi wawili chini ya hema, tukamngoja mtu aliye Mombasa mpaka jioni. Milcah alituletea chai. Koti langu limeenda Loresho.

Jumatatu, 14 Juni

Mwalimu Jyoti ametangaza matokeo. Milcah amefaulu na kupongezwa mbele ya watu. Mimi nimeanguka, kwa sababu ndogo sana: kibanda hakikuuza hata kikombe kimoja.

Nilijitetea kama simba. Je, kuna mteja hata mmoja aliyelalamika chai yetu ni nyepesi? Kuna kikombe kilichovunjika? Kuna mfanyakazi aliyegoma? Hakuna! Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajawahi kuona mtu akisimamia utepe. Nilimshukuru. Milcah alinipa mkono na kuniambia niwasalimie nguruwe.

Nyumbani Peres alikuwa na habari tayari. Buti za mpira zilikuwa mlangoni, pua zake zikielekea Mutuini.

Jumamosi, 19 Juni

Mutuini. Shemeji amesafiri, ameniachia mifugo pamoja na hori jipya la saruji. Alisema niwalishe humo alfajiri. Hori jipya! Halijazinduliwa! Watu hawa waliishije kabla yangu?

Nimelifunga utepe. Ule ule, bado ni mpya kabisa. Ndoo za chakula zimepangwa kwa ukubwa. Nguruwe wanapiga kelele tangu kulipokucha, na mmoja ameanza kula uzio. Majirani wamejaa kutazama. Hadhira kubwa kuliko ya chuoni! Peres amekuja, ameona, ameketi chini na kushika kichwa. Furaha, bila shaka.

Mgeni wa heshima ni Milcah, mhitimu wetu. Amekubali mara moja. Ameuliza tu kama anaweza kuja na jiko lake. Sijui la nini.

Sasa nasema nanyi, wafugaji wa Mutuini, mnaomwaga chakula horini kila asubuhi kama wasio na serikali. Komeni! Tueni ndoo zenu, vaeni mashati safi, njooni mketi. Na ninyi nguruwe, nyamazeni. Mgeni yuko njiani.