Kugombea Benchi la Nyuma

Benchi la nyuma la kanisa letu lilijaa, na wakubwa wakakosa pa kukaa.

Hiyo ndiyo shida, nimeisema kama ilivyo. Kwa hiyo Baraza la Wazee, kwa unyenyekevu mkubwa, likawatangazia waumini wote kuundwa kwa Kamati Maalumu ya Viti vya Chini. Uongozi wake akapewa Mwenyekiti wa Baraza, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kwa udogo. Mimi, ambaye siku sita za wiki niko buchani nakata nyama, nikateuliwa Mkuu wa Milango na Viti. Shule niliiacha mapema, lakini kujua nani akae wapi hakuhitaji vitabu.

Chanzo ni Mchungaji. Ni kijana bado, hajayajua mambo ya kanisa. Alihubiri kwamba ukialikwa karamuni usikimbilie kiti cha mbele; kaa nyuma, ili mwenye karamu akija akuambie, "Rafiki, njoo huku mbele." Akafunga Kitabu akidhani kazi imeisha. Walichosikia wazee ni kwamba kuna njia ya mkato ya kuitwa mbele. Na Askofu mpya, ambaye hakumjua hata mmoja wetu, alikuwa anakuja mwezi unaofuata.

Jumapili iliyofuata viti vya wazee, vile vya mbele vyenye mikono, vilibaki vitupu. Wazee wote saba walikwenda nyuma. Wakakuta kumekaliwa.

Benchi la nyuma ndiko tunakowaweka waliotengwa. Si kwamba tunawahukumu, Maandiko yanakataza. Tunawatenga tu, kisha tunangoja waone aibu. Wakati huo walikuwa wanne. Wa kwanza fundi cherehani, dada mmoja aliyezaa bila mume, na mtoto wake tukakataa kumbatiza mpaka baba apatikane. Wa pili mchimba makaburi, aliyepiga miayo mazishini wakati Mwenyekiti anaomba. Ni kweli Mwenyekiti alikuwa ameshafika kuwaombea watawala wa dunia, na kaburi limeanza kuingia maji, lakini miayo ni miayo. Wawili waliobaki dhambi zao tumezisahau, adhabu tunaikumbuka.

Mwenyekiti akamwomba fundi cherehani kwa upole asogee.

"Nisogee wapi, mzee wangu? Nyuma yangu kuna ukuta."

"Nenda mbele."

"Si mlinikataza mbele?"

"Hiyo ilikuwa zamani," Mwenyekiti akasema. "Siku hizi mbele kumeshuka."

Mchimba makaburi hakubisha, alitaka tu aachwe amalizie wimbo. Mzee mmoja akamsukuma kwa nyonga, mwingine akamkalia mapajani, na ibada ikaendelea vizuri.

Jioni kamati ikakaa. Hoja iliyokuwa mezani ni kwamba waliotengwa wanakalia nafasi ya heshima bila sifa zinazotakiwa. Huwezi kujishusha kama hukuwahi kuwa juu. Mtunza hazina akaifafanua vizuri zaidi: mwenye dhambi akikaa nyuma yuko kwake, lakini mzee akikaa nyuma amesafiri. Tukapiga makofi. Ikaazimiwa kwamba waliotengwa wahamishiwe mara moja kwenye viti vya wazee, iwe sehemu ya adhabu yao. Benchi la nyuma likatandikiwa zulia na kuwekewa mito, maana unyenyekevu wa muda mrefu unaumiza kiuno.

Kesho yake fundi cherehani alikuja buchani kwangu na mtoto mgongoni. Hakuja kununua. Alitaka nimfikishe mbele ya Askofu siku ya ugeni, japo kwa dakika moja, amwombee mtoto ubatizo. Mtoto ameshaanza kutembea. Mama yake yule dada alikuwa kitandani, hali mbaya, na alikuwa na ombi moja tu, asikie mjukuu wake ameitwa jina kanisani. Nikamweleza utaratibu: ombi linaanzia kwa mzee wa mtaa, linapanda kwa Baraza, Baraza linaliangalia, linarudi chini kwa marekebisho, kisha linapanda tena. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," akasema, "mama yangu hana muda wa kupanda na kushuka."

Nikamwambia mambo ya muda hayamo kwenye idara yangu. Mimi ni wa viti.

Jumamosi ya kuamkia ugeni tulifanya mazoezi. Mimi nilikuwa Askofu. Nilisimama madhabahuni nikaita, "Ndugu zangu wa nyuma, njooni mbele." Kanuni ilikuwa hivi: mwito wa kwanza, wote watikise vichwa kukataa. Wa pili, waangalie chini. Wa tatu, wainuke polepole, na Mwenyekiti awe wa mwisho kwa kuwa wa mwisho ndiye wa kwanza. Hapo tukakwama. Kila mmoja alitaka kuwa wa mwisho, kwa hiyo hakuna aliyeinuka, nami niliita mpaka sauti ikakauka. Ikabidi Mwenyekiti atoe agizo kwamba mdogo kuliko wote ni yeye, na atakayebisha atachukuliwa hatua.

Jumapili Askofu akafika. Mtu mfupi, hana makuu, na viatu vyake vilikuwa na vumbi. Alinipita mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye viti vya mbele, akawapa mkono wale wanne mmoja mmoja, akiwaita wazee wangu. Mchimba makaburi akageuka kutazama nani anaitwa. Mtoto wa fundi cherehani akabebwa na Askofu mwenyewe, akaanza kumvuta msalaba wa kifuani.

Kisha Askofu akatazama nyuma. Akawaona watu saba wazima, vichwa chini, nyuso za huzuni kama tulivyozifanyia mazoezi. Kanisa lake na letu ni moja, na benchi la nyuma analijua ni la kina nani. Nilikuwa nimesogea kumnyooshea kiti, kwa hiyo nilisikia alivyomuuliza Mchungaji kama wale ndugu wako pale kwa kulazimishwa.

"Hapana, Baba," Mchungaji akajibu kwa uso mkavu. "Kila mmoja amekwenda mwenyewe."

Askofu akafuta macho. Aliweka hotuba yake pembeni, akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu wa nyuma," akasema, "njooni mbele."

Maneno yale yale. Nilirudi mlangoni kwangu nimejaa fahari. Wazee wakatikisa vichwa. Askofu akawaambia hakuna dhambi isiyo na msamaha, waje tu. Wazee wakaangalia chini, ila niliona shingo ya Mtunza hazina imeanza kutoa jasho. Mara ya tatu Askofu aliita kwa uchungu, akasema hajapata kuona mioyo migumu namna hii. Wakainuka kwa mpangilio mzuri sana, Mwenyekiti wa mwisho. Askofu akawapigisha magoti mbele ya wale wanne.

Mwenyekiti akanong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na kanisa zima likasikia.

"Baba Askofu, kuna makosa hapa. Sisi si wenye dhambi. Wenye dhambi ni hawa waliokaa."

Askofu akamwekea mkono kichwani. "Mwanangu, wote wa benchi lile husema hivyo."

Mwenyekiti akageuza macho kunitafuta mimi. Kumwokoa ilibidi nisimame mbele ya watu wote nitamke kwamba hawa saba ni watakatifu na wale wanne ni wachafu. Nikafungua kinywa. Kanisa zima likageuka kunitazama. Nikasema mlango unaingiza upepo, nikaufunga.

Askofu akataka kila mmoja ataje kosa lake. Mwenyekiti akakiri kwamba huenda amejishusha kupita kiasi. Askofu akamwambia hilo limeonekana, ataje jingine. Kabla hajapata, Mtunza hazina, ambaye magoti yalikuwa yanamuuma, akasema kwa sauti kubwa kwamba mabati yaliyopotea ya nyumba ya Mchungaji yako kwenye banda lake la kuku. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za mabati. Baada ya hapo wengine nao wakafunguka, na kwaya ikasahau kuimba.

Mwishowe Askofu akamgeukia fundi cherehani. "Mama, wewe ni mzee wa kanisa. Tuwafanyeje hawa?"

Yule dada akamtazama Mwenyekiti pale chini.

"Mimi benchi lile nimelikalia, Baba," akasema. "Kuna baridi. Wasamehewe. Ila naomba huyu mtoto abatizwe kabla hawajainuka, maana wakiinuka watakumbuka utaratibu."

Askofu akamtazama yeye, akamtazama Mchungaji, akawatazama wale saba. Nadhani hapo ndipo alipoelewa. Akaomba maji.

Dada hakungoja hata baraka ya mwisho. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka mbio kumpelekea mama yake jina.

Askofu aliagiza viti vya mbele vibaki na waliovikalia. Naorodhesha hasara kama Mkuu wa Milango na Viti ninayekabidhi ofisi. Zulia moja na mito saba, vimekosa mtumiaji. Wazee saba, hawana cheo, wanakaa popote penye nafasi. Kuku wa Mtunza hazina, hawana paa. Ufunguo wa mlango, sasa yuko nao mchimba makaburi. Ubatizo wa mtoto, nusu bakuli ya maji ya bombani, na mengine yalibaki.