Mnara Uwekwe Popote, Isipokuwa kwa Mukakalisa

Kamembe, Cyangugu
Jumanne, 9 Septemba 2003

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Kampuni ya Simu,
Kigali

Yahusu: Kuomba mnara Gikundamvura kabla mambo hayajaharibika kabisa

Ndugu Mkurugenzi,

Naanza kwa kukusalimu wewe, mama wa nyumbani kwako, na watoto kama Mungu alikujalia. Mimi ni Damascène Izabayo, fundi wa redio. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Kamembe, ubavuni mwa fundi cherehani Mudathiru. Ni mteja wenu tangu Januari, siku ile gari lenu lilipopita na kipaza sauti likitangaza kwamba popote nitakapokwenda mtakuwa pamoja nami. Nilikuwa na redio ya mtu mkononi. Niliiweka chini, nikatoka mbio, nikanunua simu. Sasa nauliza kwa heshima zote: Alhamisi iliyofuata nilikuwa Gikundamvura. Ninyi mlikuwa wapi?

Tafadhali usinione mtu wa kelele. Kila Alhamisi nabeba begi langu la vyuma na kupanda vilima vya Gikundamvura, maana watu wa huko hawawezi kushuka mjini kwa ajili ya redio iliyokohoa. Na kila Alhamisi ni lazima nimpigie simu dada yangu Véronique, aliyeolewa Bukavu na kubaki huko sisi wengine tuliporudi Rwanda. Sababu nitaieleza, ingawa si ya kuchekesha. Wakati wa vita shemeji yangu Muderhwa alitoka asubuhi kutafuta unga, akasema anarudi sasa hivi. Hatujamwona mpaka leo. Tangu hapo Véronique hana subira na mtu aliye njiani. Asiposikia sauti yangu kabla jua halijazama, ananihesabu marehemu.

Mwezi wa pili nilishindwa kumpata kwa ajili ya mtandao wenu. Kesho yake nilivuka mpaka pale Rusizi I, nikafika kwake, nikakuta turubai limefungwa uani, watu wameketi, sufuria za maharage ziko motoni, na mzee mmoja nisiyemjua amesimama anasimulia wema wangu. Alikuwa anasema vizuri, sikutaka kumkatiza. Nilikaa nyuma nikasikiliza mpaka mwisho, na kusema kweli nilijifunza mengi juu yangu. Lakini dada yangu aliponiona alinishika shati asiliachie mpaka jioni, na hapo kicheko kiliniisha. Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, simu kwangu si pambo la mfukoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Naanza na Nkanka, ili ujue kwamba sina chuki na mlima mmoja tu. Niko kando ya ziwa natengeneza redio ya mvuvi, miguu yangu yote miwili iko Rwanda, ghafla simu inalia na ujumbe wa kunikaribisha Kongo, pamoja na bei za Kongo. Mimi nilizaliwa upande ule. Nilikulia kule, nikaitwa mgeni kule mpaka nikaota mvi, kisha nikarudi kwetu kwa miguu na godoro kichwani. Leo simu niliyoinunua kwa jasho langu inanirudisha ukimbizini bila hata kuniuliza! Nikirudi nyuma kidogo, nakaribishwa Rwanda. Nikisogea mbele, nakaribishwa Kongo. Mvuvi aliniuliza kwa nini nacheza ngoma peke yangu. Nilimjibu kwamba narudi nyumbani.

2. Gikundamvura mtandao, au rezo kama tunavyosema hapa, unaishi mahali pamoja tu. Nimeutafuta kila mahali. Nimepanda miti, nimepanda paa la kanisa kwa ruhusa ya katekista, nimeshuka kwa njia ambayo katekista hakuiruhusu. Upo uani kwa Mukakalisa, mjane anayelima mpunga na maharage, juu ya jiwe lake la kufulia. Unasimama juu ya jiwe, unatazama upande wa Bukavu, mkono mmoja umeshika mparachichi. Ukiuachia mparachichi, Véronique anakatika. Mimi ni mseja, umri wangu umekwenda, na jiwe hilo linaonekana kutoka mlima wa pili. Nadhani umeanza kuona shida yangu.

3. Labda ninyi wa Kigali mnaweza kuingia kwenye ua wa mtu, mkapanda jiwe lake, mkapiga kelele na kuondoka. Huku hatufanyi hivyo. Ni lazima nibishe hodi, nisalimie, niulize habari za ng'ombe, za mpunga, za goti la mama yake mzazi, nami niulizwe zangu. Halafu analeta pombe ya mtama. Anaonja kwanza yeye mbele yangu, nione kwamba haina kitu. Mtu akishakuonjea hivyo, ukikataa umemwita mchawi mchana kweupe, na mlima mzima utajua kabla hujafika barabarani. Kwa hiyo nakunywa. Kisha vinakuja viazi, sombe, yaani kisamvu, na maharage. Nikitupia jicho lile jiwe, ananiambia: "Ukule kwanza, rezo haina miguu." Simu ya kusema tu kwamba niko hai inanichukua siku nzima, na Mudathiru amekwisha kuipanua suruali yangu mpaka kitambaa kimekwisha. Anasema nikinona tena itabidi atumie pazia. Je, hili lilikuwa limeandikwa kwenye tangazo lenu?

4. Siri hakuna. Nikipanda jiwe, watu wanaacha majembe. Mzee Kamali, jirani yake, ambaye hakuwahi kumwona dada yangu hata kwenye picha, anasogeza mdomo karibu na shavu langu na kupaza sauti: "Véronique! Batoto banaamuka? Sisi huku tuko bazima!" Naye Véronique anamjibu, tena kwa urefu. Wiki moja akasikia sauti nyingine. "Damascène, ule mwanamuke mwenye kucheka ni nani? Umupatie simu." Nilimpa, kwa adabu tu. Tangu siku hiyo wao ndio wanaozungumza. Mukakalisa anasimama juu ya jiwe, mimi nasimama chini nikimshikia mparachichi, na simu inaporudi mikononi mwangu ndani yake kuna yule mama wenu wa sauti nzuri tu, akinijulisha kwamba salio limekwisha.

5. Hili ni la kitaalamu, naomba walisome mainjinia wenu. Redio ya Mukakalisa huharibika kila Alhamisi. Siku nyingine zote majirani wanaisikia ikiimba mpaka kwenye mashamba. Nikifika mimi, imenyamaza. Nikiifungua nakuta waya ule ule umechomoka mahali pale pale, na parafujo nne za mgongoni zote zimelegea. Siwezi kumlipisha mtu ambaye nimekula chakula chake, kwa hiyo natengeneza bure. Katika kazi hii nimeona redio zilizoingia maji, zilizoingia mende, na moja iliyopigwa risasi ikaendelea kusoma habari. Sijaona redio inayojifungua yenyewe kwa kufuata siku za wiki. Nilimuuliza Mukakalisa, akatazama pembeni akasema labda ni upepo. Upepo haushiki bisibisi. Nimefikiri sana na sioni sababu nyingine isipokuwa mawimbi ya simu zenu. Mchunguze kama yana tabia ya kulegeza parafujo, hasa za wajane.

6. Sasa nafika penye moto. Alhamisi iliyopita nilikuwa nimeshika mparachichi kama kawaida, Mukakalisa yuko juu ya jiwe, anasema "ndiyo, dada" na "hapana, dada" na "hata mimi naona hivyo, dada." Aliposhuka, Mzee Kamali alinipa mkono akaniita mukwe. Nilidhani amenifananisha. Ndipo nikaelezwa kwamba tarehe imekwisha kuwekwa: Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi wazee wetu watavuka kutoka Bukavu kuja kuomba rasmi, na Véronique amekwisha kushona kitenge. Ndugu Mkurugenzi, nimechumbia bila kufungua mdomo! Nimechumbia kwa salio langu mwenyewe, nikiwa nimekumbatia mti. Nilipojaribu kusema neno, Mukakalisa aliniuliza kama nataka maharage mengine. Nilisema ndiyo, na nasikia hilo nalo limehesabiwa kuwa jibu.

Sisemi kwamba Mukakalisa ni mtu mbaya. Ni mtu mwema, anacheka vizuri, na sombe yake sijaonja mfano wake upande huu wa mto wala upande ule. Hayo siyo tunayozungumzia hapa. Tunazungumzia huduma. Mngekuwa na mnara wenu mahali pake, ningempigia dada yangu nikiwa barabarani, ningekula mkate wangu mkavu peke yangu kwa amani, ningelala peke yangu kwa amani, na suruali yangu ingekuwa ile ile niliyovuka nayo mpaka. Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo ni madogo.

Kwanza, mnara ujengwe Gikundamvura kabla ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi, popote mnapotaka, isipokuwa kwa Mukakalisa. Kama chuma ni ghali, leteni mlingoti mfupi, nitaushika mimi mwenyewe. Mikono yangu imezoea.

Pili, mkishindwa, basi kampuni ilete ng'ombe wa mahari. Nimelitazama jambo hili kwa kila upande na naona haki iko wazi. Aliyetupeleka kwenye jiwe ni kampuni, aliyebeba maneno ni kampuni, aliyepokea malipo ni kampuni. Kampuni ndiyo iliyochumbia. Mimi nilikuwa nashika mti.

Tatu, kampuni itume mtu mzima mwenye tai aje kukaa upande wa bwana harusi siku hiyo na kunywa kile atakachoonjewa. Asile kabla ya kuja.

Nakushukuru kwa subira yako. Nisalimie makarani wote wa hapo ofisini, madereva, mlinzi wa mlangoni, na zaidi yule mama wa sauti nzuri anayetangaza salio. Mwambie simlaumu, nami naona naye anatumwa. Mudathiru anakusalimu, anauliza kama kampuni inahitaji sare.

Ni mimi, mteja wenu mwaminifu na mwenye dhiki,

Damascène Izabayo
Fundi wa redio

N.B. Ijumaa, 12 Septemba. Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha, lakini nimeifungua tena. Jana, Alhamisi, nilikwenda Gikundamvura kama kawaida. Nilisalimia, nikaonjewa, nikala, nikakaza parafujo zote nne. Mukakalisa alinisimulia jinsi mto ulivyomvunjia tuta la mpunga, nami nikamsimulia habari za godoro lile nililorudi nalo. Giza lilitukuta bado tunaongea. Nilifika Kamembe usiku, nikaikuta simu yangu juu ya meza ya Mudathiru, mahali nilipoiacha asubuhi. Mchana kutwa sikuikumbuka, na lile jiwe sikulitazama hata mara moja.

Leo mpaka ulipofunguliwa mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuvuka. Nilikimbia njia nzima nikijua nakwenda kwenye matanga yangu ya pili. Turubai halikuwepo. Véronique alikuwa uani anachambua mchele, akaniuliza mbona natoka jasho. Nilimwomba radhi, nikamuuliza kama amenililia sana. Akasema: "Nilie nini? Nilikuwa najua uko kwa Mukakalisa." Alilala usingizi, Ndugu Mkurugenzi. Tangu Muderhwa atoke asubuhi ile, ni mara ya kwanza dada yangu kulala wakati mtu wake hajasikika.

Kwa hiyo mnara pelekeni kwingine, wako wenye shida. Mainjinia pia waacheni wapumzike, zile parafujo nitaendelea kuzikaza mwenyewe. Ila kama ng'ombe alikuwa amekwisha kutafutwa, msimrudishe zizini. Tarehe ni ile ile.