Nilivyomsafishia Mkwe Kaburi

Jamani, leo nimejidhalilisha mchana kweupe. Hata tope la magotini sijalifuta.

Mnamjua Hana, mchumba wangu Myahudi. Baba yake hajanikubali bado. Ananitazama kama fundi aliyepotea na kitambaa chake. Juzi akasema, "Jumapili njoo makaburini nikuonyeshe alipolala mama yangu." Hana akaninong'oneza, "Ukimfurahisha hapo, harusi ipo."

Basi leo nimetoka mtaani kwangu Flemingdon, huku ughaibuni, mapema, suti, viatu vinang'aa. Nimefika kabla yao. Makaburi ya zamani sana, maandishi ya Kiebrania. La bibi nimelitambua kwa picha aliyonitumia Hana. Mungu wangu! Juu ya jiwe la kaburi kumejaa kokoto. Nikasema hawa watoto wa mjini hawana adabu.

Sasa mimi ni mtu wa Moshi. Kwetu makaburi yako pale pale nyumbani, na Desemba, watu wakirudi kwa sikukuu, mkwe anayejitambua hushika fagio bila kuambiwa. Nikavua koti. Kokoto zote mfukoni. Jiwe nikalisugua kwa leso. Halafu kiherehere kikanipanda, nikasafisha na makaburi ya majirani. (Nani alinituma?)

Wakatokea. Nikanyoosha mikono kama mbunge anayezindua zahanati.

"Baba, nimesafisha!"

Mzee akaganda. "Mawe yako wapi?"

"Uchafu? Huu hapa!" Nikautikisa mfuko. (Kwa madaha!)

Hana akafunika uso. "Sisi hatuleti maua. Kila anayekuja anaacha jiwe, kuonyesha alifika."

"Kuna jeupe," mzee akasema. "Hana alimwekea bibi yake akiwa mtoto."

Nikapiga magoti topeni, nikamwaga mfuko. Meupe yalikuwa kibao!

"Hili?"

"Hapana."

"Hili?"

"Hilo letu!" Nikageuka. Familia nyingine nzima imesimama nyuma yangu, imekuja kwa marehemu wao, inatafuta yake!

Hana ndiye aliyelitambua, lina ufa. Mzee akalirudisha mahali pake, akafuta macho. Kisha akaokota jingine, akanipa.

"Weka lako. Halafu usiguse kitu."

Sijui kama hiyo ni harusi au ni kwaheri. Ila kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, anakusamehe. Kama kuna Mchaga huku mjini, hata Etobicoke, mwenye isale sebuleni, naomba jani moja.

Mawili. Kuna na ile familia nyingine.