Vyura Wako Chini

Jumatatu, 3 Agosti
Vyura hawapo! Wote saba. Wiki iliyopita Mkurugenzi wa bustani yetu ya wanyama alisema niwape vyura kiangazi. Nikaitikia ndiyo bwana. Tangu nianze kazi hii ya majaribio sijauliza swali hata moja, nisije nikaonekana sijui. Nikafunga bomba, nikawasha taa kali, nikaenda zangu. Leo kasha la kioo lina udongo mkavu mtupu. Na Ijumaa hii miezi yangu sita inaisha: ama barua ya ajira, ama nyumbani. Mke wangu keshamtangazia mama yake kwamba barua iko tayari.

Jumanne, 4 Agosti
Mama Nyoka, anayetunza nyoka chumba cha pili, amenikuta nikipekua makabati. Akacheka. Akasema wako chini. Nikashuka ngazi mbio hadi stoo. Hakuna! Nikarudi nikihema. Akasema wako chini, baba, chini. Nikashuka tena. Mara nne! Mwanamke huyu ananichezea shere. Nyoka wake mmoja amevimba tumbo, nimemwona kwa macho yangu. Bila shaka ni vyura wangu saba.

Jumatano, 5 Agosti
Nimeokota mawe saba ya mviringo. Nimeyapaka kijani, nikayachorea macho, nikayapanga juu ya udongo ndani ya kasha. Mawili yametoka na makengeza. Mke wangu kauliza kama barua itakuwa na muhuri. Nimesema miwili. Mama Nyoka alipita, akayatazama mawe, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mwanamke huyu ananitisha kuliko nyoka wake.

Ijumaa, 7 Agosti
Mkurugenzi kaja na wageni. Nikaeleza, jasho likinichuruzika, kwamba chura wa nchi kavu amezoea mazingira yake hata hatikisiki mchana kutwa. Mgeni mmoja akauliza mbona hawapumui. Nikasema wana adabu mbele ya wageni.

Hapo Mama Nyoka akaingia na ndoo, akaanza kunyunyiza maji juu ya udongo kama mvua. Loo! Udongo ukatikisika. Ikatokea pua, yakatokea macho, kisha chura mzima, na mwingine, hata wakatimia saba, wanene, wamenuna. Kumbe kiangazi hujizika wakalala humo ardhini, wakingoja mvua! Rangi ya mawe nayo ikayeyuka. Chura mmoja akapanda juu ya jiwe la makengeza, wakanikodolea macho wote wawili. Ningepata shimo ningejizika na mimi.

Barua nimepewa. Majaribio, miezi mitatu zaidi, chumba cha kobe. Mkurugenzi anasema kobe hata mimi siwezi kumpoteza. Mama Nyoka kaniambia taratibu: kuuliza si ujinga, baba. Nimeapa nitauliza kila kitu. Mke wangu nimemwonyesha muhuri tu, maneno nimeyaziba kwa kidole gumba.

Jumatatu, 10 Agosti
Kobe hana kichwa! Asubuhi nilimkuta nacho. Nilimgusa kidogo tu mgongoni, kutazama tena, hakipo! Kumuuliza Mkurugenzi? Siku ya kwanza? Atanionaje! Mama Nyoka kachungulia mlangoni, kasema kichwa kiko ndani. Ndani ya wapi? Nimeshapekua makabati mawili na jokofu.

Nimepata kijiwe kirefu kidogo. Rangi ilibaki.